Mafundisho Makuu ya Imani ya Kiinjili: Yanapokutana, Yanapoachana, na Namna ya Kuchagua

Mtu anayetafuta kanisa la kiinjili la kujiunga nalo, au kikundi cha waamini kinachotaka kuandika ungamo lake la imani, hukutana mapema na tatizo moja: maungamo yanafanana mno. Yote huanza na Maandiko, huingia katika Utatu, hupita msalabani na kuishia katika kurudi kwa Kristo, hata msomaji asiye mzoefu akadhani kwamba tofauti zilizopo ni za majina na za nyimbo tu. Baadaye, mtoto wake anapozaliwa au ndugu yake anapoiacha imani, ndipo anapogundua kwamba sentensi mbili alizozipita haraka ndizo zinazoamua mchungaji atamwambia nini. Ulinganisho huu unazitafuta sentensi hizo. Nimejitahidi kueleza kila upande kwa namna ambayo wenye upande huo wataitambua kuwa ni yao, ingawa pale ninapoona hoja moja ina uzito kuliko nyingine sitaficha.

Mahali pasipo na mzozo

Kipimo kizuri cha yale yanayoshirikiwa ni hoja tisa zilizokubaliwa mjini London mwaka 1846, wakati Waprotestanti wa madhehebu mengi walipounda Muungano wa Kiinjili. Hoja hizo zinataja uvuvio na mamlaka ya Maandiko, haki na wajibu wa kila mtu kuyapima mwenyewe, umoja wa Mungu katika nafsi tatu, uharibifu wa asili ya mwanadamu kwa sababu ya anguko, Mwana wa Mungu kufanyika mwili na kufanya upatanisho, mwenye dhambi kuhesabiwa haki kwa imani peke yake, kazi ya Roho Mtakatifu katika kuongoa na kutakasa, ufufuo na hukumu, na mwisho kabisa huduma ya Neno pamoja na kudumu kwa Ubatizo na Chakula cha Bwana.

Yaliyonyamaziwa yana mafunzo kuliko yaliyotajwa. Ubatizo umetajwa, lakini haikusemwa nani abatizwe wala kwa maji kiasi gani. Hukumu imetajwa, lakini hakuna neno juu ya ile miaka elfu ya Ufunuo 20. Kuongoka kumetajwa, lakini hakusemwi kama aliyeongoka anaweza kupotea. Waandishi hawakusahau; walikuwa wameketi pamoja Waanglikana na Wabaptisti, Wapresbiteri na Wamethodisti, na walijua kwamba neno moja zaidi katika sehemu hizo lingewatoa nusu yao nje ya chumba. Kwa hiyo anayelinganisha maungamo na aanze na swali hili: ungamo hili limesema nini ambacho wale wa mwaka 1846 walichagua kutokusema?

Tahadhari moja kuhusu jina. Tangu karne ya 16 makanisa ya Kilutheri yamelibeba neno «Kiinjili» katika majina yao, kwa maana ya kanisa lililorekebishwa kwa kuirudia Injili. Matumizi yanayozungumziwa hapa ni ya baadaye na yanatokana hasa na uamsho wa karne ya 18, ambao mwanahistoria David Bebbington, mwaka 1989, aliueleza kwa alama nne: kuitegemea Biblia, kuuweka msalaba katikati, kusisitiza kuongoka kwa mtu binafsi, na bidii ya kazi. Kanisa laweza kuwa na jina hilo bila alama hizo, na laweza kuwa na alama hizo bila jina.

Haki inayohesabiwa na haki inayotiwa ndani

Fundisho linaloitenganisha imani ya kiinjili na Kanisa Katoliki si Utatu wala uungu wa Kristo, kwa maana wote wanaungama yaliyoamuliwa Nikea mwaka 325 na Kalkedonia mwaka 451. Kinachowatenganisha ni jibu la swali la namna mwenye dhambi anavyosimama mbele za Mungu akiwa na haki. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, lililo la Walutheri, linasema kwamba watu huhesabiwa haki bure, kwa ajili ya Kristo, kwa njia ya imani. Neno la kushika hapa ni «huhesabiwa». Ni lugha ya mahakama na ya daftari: haki ya Kristo inaandikwa kwa jina la mtu ambaye, ukimchunguza, bado ana dhambi. Utakaso unafuata na lazima ufuate, lakini hauingizwi katika hukumu yenyewe.

Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, katika kikao chake cha sita mwezi Januari 1547, ulijibu kwamba kuhesabiwa haki si kusamehewa dhambi tu, bali ni pia kutakaswa na kufanywa upya kwa mtu wa ndani. Neema inatiwa moyoni; yaweza kuongezeka kwa matendo mema, kupotezwa kwa dhambi ya mauti, na kurudishwa kwa sakramenti ya Kitubio. Mtaguso huo hausemi kwamba mtu anajiokoa mwenyewe kwa nguvu zake, na mhubiri wa kiinjili anayelieleza fundisho la Kikatoliki hivyo anamshuhudia jirani yake uongo. Trento inasema wazi kwamba mwanzo wote ni neema. Tofauti ipo katika kile ambacho Mungu anakitazama anapotoa hukumu: upande mmoja anaitazama haki ya Kristo iliyo nje ya mwamini, upande wa pili anaitazama haki ambayo neema imeizaa ndani yake.

Kila upande una aya yake ya kuegemea na aya inayousumbua. Waefeso 2:8–9, panaposema kwamba tumeokolewa kwa neema kwa njia ya imani wala si kwa matendo, ndiyo ngome ya wainjili. Yakobo 2:24, panaposema kwamba mwanadamu huhesabiwa haki kwa matendo yake wala si kwa imani peke yake, ndilo jiwe la upande wa pili, na ni mahali pekee katika Agano Jipya ambapo maneno «imani» na «peke yake» yanakutana, tena yakiwa yamekanushwa. Wainjili hujibu kwamba Yakobo anazungumzia imani inayodaiwa kwa mdomo na jinsi imani ya kweli inavyodhihirika, na kwamba Paulo, katika Warumi 4, anamtaja Abrahamu aliyehesabiwa haki kabla hajatahiriwa. Jibu hilo naliona lina nguvu, lakini mtu asilipokee kabla ya kuisoma sura yote ya pili ya Yakobo kwa utulivu.

Tarehe 31 Oktoba 1999, Walutheri wa Shirikisho la Kilutheri Duniani na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja wakisema kwamba yale waliyokubaliana sasa juu ya jambo hili hayaangukiwi tena na laana za karne ya 16. Wainjili wengi hawakuridhika, wakiona kwamba lile neno «peke yake» halikusimama imara. Anayechagua kati ya pande hizi mbili ajue basi kwamba umbali umepungua lakini haujafutika, na kwamba athari yake ya kila siku inaonekana katika uhakika wa wokovu, ambao nitaurudia hapa chini.

Mzozo wa pili na Wakatoliki, yaani mamlaka, unaweza kuelezwa kwa ufupi. Wainjili wana vitabu 66 na wanasema Maandiko ndiyo mamlaka ya mwisho; Wakatoliki wana vitabu 73 na wanayasoma pamoja na Mapokeo na mafundisho ya maaskofu. Ndani ya wainjili wenyewe kuna ngazi mbili. Agano la Lausanne la mwaka 1974 linasema kwamba Maandiko hayana kosa katika yote yanayoyathibitisha. Tamko la Chicago la mwaka 1978 linakwenda mbali zaidi, likiyaondolea kosa pia mambo ya historia na ya maumbile katika nakala za asili. Tofauti hiyo huonekana ndogo kwenye karatasi, lakini katika chuo cha Biblia inaweza kuamua mwalimu gani anaajiriwa.

Nani anachagua, na je, aliyeokoka anaweza kupotea?

Hapa ndipo maungamo ya kiinjili yanapoanza kuachana yenyewe kwa yenyewe. Wafuasi wa Jacobus Arminius, mwanateolojia wa Kiholanzi aliyefariki mwaka 1609, walitoa mwaka 1610 hoja tano wakisema kwamba Mungu aliwachagua wale ambao alijua tangu awali kwamba wataamini, kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya watu wote, na kwamba neema yake inaweza kupingwa. Sinodi ya Dort, yaani mkutano wa kanisa uliofanyika mjini Dordrecht, Uholanzi, kuanzia mwaka 1618 hadi 1619, iliwajibu kwamba kuchaguliwa hakutegemei imani iliyoonekana mbele, bali imani yenyewe ni tunda la kuchaguliwa. Kwamba kifo cha Kristo, ingawa thamani yake yatosha ulimwengu wote, kilikusudiwa kuwaokoa wateule kwa hakika. Na kwamba wateule watahifadhiwa mpaka mwisho.

Anayetaka kupima pande hizi asianze kwa kuuliza ipi inampendeza, kwa maana zote mbili zina sehemu ya kutisha. Aanze na Warumi 8:29–30 na Yohana 6:37–44 kwa upande mmoja, kisha 1 Timotheo 2:4 na 2 Petro 3:9 kwa upande wa pili, na aone kila upande unazifanyia nini aya za mwenzake. Mkalvini, yaani mwenye kushika mafundisho ya Dort, akifika penye maneno kwamba Mungu anataka watu wote waokolewe, husema «wote» maana yake ni watu wa kila aina, au hutofautisha mapenzi ya Mungu yaliyofunuliwa na azimio lake la siri. Mwarminio akifika penye mnyororo wa Warumi 8, husema kuwajua tangu asili ni kuijua imani yao. Swali la haki ni hili: ni ufafanuzi upi kati ya hiyo miwili unaolazimika kulikunja andiko kidogo zaidi? Binafsi naona Yohana 6 panambana Mwarminio kuliko 2 Petro 3 panavyombana Mkalvini, lakini wapo wasomi wacha Mungu wanaoona kinyume, na mzozo huu umewashinda walio bora kuliko sisi.

Mfano wao bora ni John Wesley na George Whitefield, wahubiri wa uamsho wa karne ya 18. Mwaka 1739 Wesley alihubiri hadharani dhidi ya kuchaguliwa tangu awali, Whitefield akamjibu kwa maandishi, na njia zao zikatengana. Baadaye Wesley, alipowatayarishia Wamethodisti wa Marekani vifungu vya imani mwaka 1784 kwa kufupisha vile 39 vya Waanglikana, alikiondoa kabisa kifungu cha 17 kinachohusu kuchaguliwa. Lakini Whitefield alipofariki mwaka 1770, aliyehubiri ibada ya kumbukumbu yake London, kwa matakwa ya marehemu mwenyewe, ni Wesley. Hawakukubaliana hadi mwisho, wala hakuna kati yao aliyemwona mwenzake kuwa si mwinjili.

Kwa mwamini wa kawaida, swali la kuchaguliwa linashuka chini na kuwa swali la kuhifadhiwa, na hapa majibu si mawili bali matatu, na kosa la kawaida ni kuyachanganya. Dort inasema kwamba mwamini wa kweli anaweza kuanguka vibaya sana, ikiwataja Daudi na Petro, lakini Mungu hamwachi afikie upotevu wa mwisho. Asiyerudi kamwe ameonyesha kwamba hakuwa wa kweli tangu mwanzo. Wesley aliamini kwamba mwamini wa kweli anaweza kuivunja imani yake, akapotea kweli, na pia akarudishwa, akiegemea Waebrania 6:4–6 na 10:26–29. Jibu la tatu, linalosikika sana mimbarani kwa maneno kwamba ukiokoka umeokoka, linasema kwamba aliyewahi kuikiri imani yuko salama hata kama hana toba wala matunda yoyote tangu siku ile. Hilo la tatu si fundisho la Dort, ingawa wengi hulipa jina hilo. Dort ingelikataa kwa nguvu ileile ambayo Wesley angelikataa. Kwa maoni yangu ndilo jibu dhaifu kuliko yote, na kanisa linalolihubiri linastahili kuulizwa linafanya nini na Mathayo 7:21–23.

Jambo linalofuatana na hili ni uhakika. Mkatoliki mwaminifu wa Trento anaambiwa kwamba bila ufunuo wa pekee hawezi kusema kwa hakika isiyotikisika kwamba atadumu mpaka mwisho. Ungamo la Westminster la mwaka 1646, wanalolifuata Wapresbiteri, linasema kwamba uhakika unapatikana, lakini si kiini cha imani chenyewe, hata mwamini wa kweli anaweza kungoja muda mrefu kabla ya kuupata. Wesley alisisitiza ushuhuda wa Roho moyoni, kama alivyouonja jioni ya tarehe 24 Mei 1738 katika mkutano wa Aldersgate Street, lakini uhakika wake ulikuwa wa kusamehewa leo, si wa kutopotea kesho. Mtu mwenye dhamiri nyepesi kuumia, anayejihukumu kila jioni, atajikuta anahitaji sana kujua kanisa lake liko wapi kati ya haya matatu, kuliko anavyohitaji kujua lina maoni gani juu ya nabii Danieli.

Mtoto wa waamini na maji

Katika mambo yote ya kuchagua, hili ndilo lisiloweza kuahirishwa, kwa sababu mtoto akizaliwa ama utampeleka majini ama hutampeleka. Na ulinganisho wake ni rahisi kuufanya vizuri kuliko mwingine wowote, kwa sababu Wabaptisti wa Uingereza walituachia vipimo tayari: Ungamo la London lililotangazwa mwaka 1689 lilichukua sehemu kubwa ya Ungamo la Westminster neno kwa neno na kubadilisha mahali palipohitaji kubadilishwa. Ukiyaweka maungamo hayo mawili mezani, ukasoma sura ya ubatizo katika kila moja, unaona mzozo wote bila kelele.

Westminster inasema kwamba wanaobatizwa ni wale wanaoikiri imani, na pia watoto wachanga wa mzazi mmoja au wazazi wote wanaoamini. Na kwamba kuzamishwa si lazima, bali ubatizo unatolewa ipasavyo kwa kumiminia au kunyunyizia maji. Lile la 1689 linasema kwamba wanaostahili ni wale tu wanaokiri wenyewe toba, imani na utii, na kwamba kuzamishwa ni lazima kwa ubatizo uliotolewa ipasavyo. Mizizi iko katika sura nyingine kabisa, ile ya agano. Wapresbiteri wanasema agano la neema ni moja tangu Mwanzo 17 hadi leo, lililokuwa na tohara kama ishara na sasa lina ubatizo, na kwa kuwa watoto waliingizwa katika ishara ya kwanza, hakuna andiko linalowatoa katika ya pili. Wabaptisti wanasema Agano Jipya, kwa maneno ya Yeremia 31, ni la watu ambao wote wamjua Bwana, kwa hiyo ishara yake ni ya wanaomjua. Anayebishana juu ya maji bila kubishana juu ya agano anapoteza muda wake.

Aya za nyumba nzima zilizobatizwa, yaani ya Lidia, ya mlinzi wa gereza wa Filipi na ya Stefana, hazitoi hukumu kama kila upande unavyotamani. Haitajwi kwamba kulikuwa na watoto wachanga, na nyumba ya mlinzi wa gereza, katika Matendo 16:32–34, iliambiwa Neno yote na ikafurahi. Vilevile Matendo 2:39 hunukuliwa na pande zote mbili: mmoja akikazia kwamba ahadi ni kwa watoto wenu, mwingine akikazia mwisho wa aya, kwamba ni kwa wote watakaoitwa na Bwana.

Yapo pia majibu mengine mawili yasiyopaswa kusahauliwa. Walutheri wanabatiza watoto kwa sababu tofauti na ya Wapresbiteri: wanaamini kwamba Mungu anamzaa mtoto upya kwa njia ya ubatizo na kumpa imani, jambo ambalo Westminster haisemi hivyo. Nao Waanabaptisti, waliobatizana kwa mara ya kwanza mjini Zürich tarehe 21 Januari 1525, waliliunganisha jambo hili na mgawanyo wa kanisa na serikali, kwa maana katika mji ambao kila raia alibatizwa utotoni, kukataa ubatizo wa watoto kulikuwa kukataa kwamba raia wote ni kanisa. Felix Manz aliuawa kwa kuzamishwa katika mto Limmat mwaka 1527 kwa ajili hiyo. Anayeliona jambo la ubatizo kuwa dogo akumbuke ni gharama gani iliyolipwa.

Hukumu yangu kwa mtu aliye njia panda ni hii: asiingie katika kanisa linalobatiza watoto kwa sababu ya hofu kwamba mtoto akifa bila maji atapotea, kwa maana hata Westminster haifundishi hivyo, wala asikatae ubatizo wa watoto kwa sababu tu aliwahi kuona watu wazima waliobatizwa utotoni wasioishi imani, kwa maana waliozamishwa wakiwa watu wazima na kurudi nyuma nao wapo.

Meza ya Bwana

Mwezi Oktoba 1529 Luther na Zwingli, mwanamatengenezo wa Zürich, walikutana Marburg na kukubaliana katika hoja 14 kati ya 15. Iliyobaki ilikuwa meza. Luther alishikilia kwamba mwili wa kweli wa Kristo upo pamoja na mkate. Zwingli aliona kwamba «huu ndio mwili wangu» ni usemi wa mfano na kwamba chakula hiki ni ukumbusho. Calvin alikuja baadaye na njia ya kati: mkate unabaki mkate, lakini mwamini analishwa Kristo kweli kwa kazi ya Roho. Makanisa mengi ya kiinjili leo husema ukumbusho tu, mara nyingi bila kujua kwamba kuna chaguo jingine ndani ya Uprotestanti. Ishara ya kutazama ni jinsi meza inavyotumika: kanisa linaloiandaa kila Jumapili kwa kawaida linaamini kwamba hapo kuna kitu kinachotolewa, na linaloiweka mara chache kwa mwaka mara nyingi linaona ni tendo la kukumbuka. Kanuni hiyo ina mapengo, hasa kwa Ndugu wa Plymouth, ambao huvunja mkate kila wiki kwa ukumbusho.

Roho na karama

Uamsho wa mtaa wa Azusa, Los Angeles, ulioanza mwaka 1906 chini ya William Seymour, ulilifanya kuwa kubwa swali ambalo wa 1846 hawakuliona linakuja: je, ubatizo wa Roho Mtakatifu ni tukio la pili baada ya kuongoka, na je, kunena kwa lugha ni ishara yake? Assemblies of God, walioungana mwaka 1914, walijibu ndiyo kwa yote mawili katika tamko lao la mwaka 1916. Upande wa pili husema kwamba kila mwamini amebatizwa kwa Roho katika kuongoka, kwa kuegemea 1 Wakorintho 12:13. Na kati ya hao, wengine wanaamini karama za ishara zilikoma pamoja na mitume, wengine wanaamini zinaendelea lakini si ishara ya lazima kwa kila mtu, kwa kuwa Paulo anauliza katika 12:30 kama wote wanena kwa lugha, na jibu analolingoja ni hapana.

Lile tamko la 1916 lina funzo lingine kwa anayechagua. Liliandikwa hasa kwa sababu baadhi ya ndugu walianza kubatiza kwa jina la Yesu pekee na kuukana Utatu, wakisema Baba, Mwana na Roho ni nafsi moja inayojifunua kwa namna tatu. Wote walinena kwa lugha. Waliotengana walitengana juu ya Mungu ni nani. Kwa hiyo mtu anayeingia katika kanisa la Kipentekoste asiulize kwanza juu ya lugha, bali aulize wanabatiza kwa jina gani na kwa nini. Mahali pengine utasikia kwamba asiyenena kwa lugha hajaokoka. Hilo halifundishwi na Assemblies of God, wala na sehemu kubwa ya Wapentekoste wanaoungama Utatu.

Nyakati za mwisho

Kwamba Kristo atarudi, wafu watafufuliwa na hukumu itatolewa, hakuna mzozo. Kama miaka elfu ya Ufunuo 20 inakuja baada ya kurudi kwake, inatangulia, au ni mfano wa kipindi cha kanisa, mzozo upo tangu karne za kwanza. Unyakuo wa siri kabla ya dhiki kuu ni fundisho lililoenezwa na J. N. Darby katika karne ya 19 na kusambazwa sana na Biblia ya maelezo ya Scofield ya mwaka 1909. Lina wafuasi wengi, lakini halikuwa kipimo cha imani kwa Luther, Calvin wala Wesley. Nisingelichagua wala kulikataa kanisa kwa ajili ya ukurasa huu, isipokuwa pale linapotaja tarehe.

Ungamo linadaiwa kwa nani?

Baada ya kulinganisha vifungu, linabaki swali ambalo watu wengi husahau kuliuliza, nalo hubadilisha uzito wa yote yaliyotangulia: ni nani anayelazimika kukubali ungamo hili? Katika makanisa mengi ya Kipresbiteri, wazee na wachungaji ndio wanaofungwa na Ungamo la Westminster, huku mshirika wa kawaida akitakiwa kuikiri imani yake kwa Kristo tu. Kwa hiyo mtu anayesitasita juu ya kuchaguliwa, au hata juu ya ubatizo wa watoto, anaweza kupokelewa na kuketi mezani. Katika makanisa mengi ya Kibaptisti, fundisho la kuchaguliwa laweza kuachwa wazi kwa kila mtu, lakini ushirika haupatikani bila kuzamishwa, hata kama ulibatizwa utotoni na umetembea na Bwana miaka mingi. Mlango ulio mpana upande mmoja huwa mwembamba upande wa pili, na hakuna ukurasa wa maungamo unaokuonyesha hilo.

Wabaptisti wenyewe walibishana juu yake mapema. John Bunyan, aliyekuwa mchungaji Bedford na mwenye kuamini ubatizo wa waamini, aliandika mwaka 1673 kwamba tofauti za maoni juu ya ubatizo wa maji zisiwe kizuizi cha ushirika, na ndugu zake wa London wakamshambulia kwa hilo. Mchungaji utakayemwuliza leo, «Je, nisipokubaliana nanyi katika kifungu hiki, mtanipokea mezani, mtanipokea katika ushirika, na mtaniruhusu kufundisha?», atakuwa ama upande wa Bunyan ama upande wa waliompinga. Muulize maswali hayo matatu moja baada ya jingine, kwa kila kifungu kinachokutatiza, kabla hujaandikisha jina lako.